Namna ya Kuomba Nafasi ya Utafiti Baada ya Uzamivu katika Ikolojia na Mageuko ya Jamii za Viumbe

Kusini-mashariki mwa mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, kuna ziwa dogo la kreta linaloitwa Kisiba, ambalo wanasayansi hulijua zaidi kwa jina la Masoko. Kutoka ukingo mmoja hadi wa pili ni kama mita 700 tu. Mwezi Desemba mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba samaki wa ziwa hilo, ambao ni wa ukoo mmoja na perege na sato na ambao wanasayansi huwaita sikilidi, wamo katika hatua za awali za kugawanyika kuwa makundi mawili. Kundi moja hukaa kwenye maji ya kina kifupi na madume yake ni ya manjano. Jingine hukaa chini penye mwanga hafifu na madume yake ni ya buluu. Watafiti walisoma jenomu nzima, yaani taarifa zote za kinasaba, za samaki 146, wakakuta maeneo 98 ya vinasaba ambamo makundi hayo yametofautiana waziwazi, yakiwamo maeneo yenye jeni zinazohusika na kuona penye mwanga mdogo.

Naanza na ziwa hilo kwa sababu wahitimu wengi wa shahada ya uzamivu ninaokutana nao Iringa na Mbeya hudhani kwamba fani hii ni mali ya maabara za ng'ambo, na kwamba anayeomba nafasi huko anakwenda kuomba fadhila. Maswali ambayo maabara hizo hutafutia fedha kwa bidii yapo kwenye milima na maziwa yetu, na mtu aliyekulia hapa anayafahamu mambo ambayo mwombaji mwingine atahitaji miaka kuyaona. Kinachomwangusha mara nyingi ni namna anavyoyaeleza, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu swali la utafiti kuliko fomu na vyeti.

Tangazo linauliza nini

Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu, ambayo hapa nitaiita posdoki kwa kifupi, ni kazi ya mkataba wa muda, kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na mitatu. Anayeipata si mwanafunzi tena. Anatarajiwa kuendesha utafiti kwa kujitegemea chini ya mkuu wa maabara, kuchapisha makala, kuwasaidia wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na kuondoka akiwa na mwelekeo wake mwenyewe wa kitaaluma.

Ikolojia ya jamii za viumbe huuliza kwa nini spishi hizi na si nyingine zinaishi pamoja mahali fulani. Elimu ya mageuko huuliza zilifikaje kuwa zilivyo. Fani inayounganisha mambo hayo mawili huuliza jirani anambadilishaje jirani, na mabadiliko hayo yanaigeuzaje jamii nzima. Mfano unaofaa kuukumbuka ni wa visiwa vya Galápagos, ambako wanabiolojia Peter na Rosemary Grant waliwafuatilia ndege wa kisiwa cha Daphne Major kwa miongo kadhaa. Mwaka 1982 spishi yenye mdomo mkubwa ilianza kuzaliana kisiwani hapo. Ukame ulipokuja miaka zaidi ya ishirini baadaye, wakubwa hao walimaliza mbegu kubwa, na katika spishi jirani yenye mdomo wa wastani walionusurika wengi walikuwa wale wenye midomo midogo. Ukame uliotangulia, wa mwaka 1977, ulikuwa umeelekeza mambo kinyume, kwa kuwafaidia wenye midomo mikubwa, kwa sababu wakati huo mshindani huyo hakuwa bado amejenga makao kisiwani. Ukiuelewa mfano huo vizuri kiasi cha kuweza kumweleza mwalimu wa sekondari, unayo tayari kiini cha matangazo mengi ya fani hii.

Mwaka 2010 mwanaikolojia Mark Vellend alipendekeza kwamba maelezo yote ya jamii za viumbe yanaweza kupangwa chini ya michakato minne: uteuzi (wanaofaa mahali hufaulu kuliko wengine), sadfa (mabadiliko ya bahati nasibu), mtawanyiko (viumbe kuhama toka mahali hadi mahali) na uzukaji wa spishi mpya. Unaposoma tangazo, chukua kalamu na uandike pembeni ya kila sentensi ni mchakato upi unaozungumziwa. Tangazo linalotaja miti ya nasaba, yaani michoro ya undugu wa spishi, na sifa za mimea kwa kawaida linahusu uteuzi, na namna historia ya ukoo inavyoamua nani aweze kuishi wapi. Linalotaja visiwa, vipande vya misitu au mabwawa linahusu zaidi mtawanyiko. Kazi hiyo ya nusu saa huzuia kosa la kupeleka maombi mazuri mahali pasipohusika.

Kutoka orodha hadi swali

Barua yangu ya kwanza ya kuomba posdoki ilijaa majina ya mimea niliyoihesabu, na idadi ya viwanja vya sampuli, na mwinuko wa kila kiwanja. Sikujibiwa. Niliandika ya pili kwa mtindo uleule, nayo haikujibiwa. Nilipokuja kupewa nafasi ya kusoma maombi ya wengine, niliona kwamba barua nyingi kutoka kwetu zina ugonjwa huohuo: zinaeleza kilichopo na kuishia hapo.

Chukua Kitulo. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005 na yenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 413, iko kwenye uwanda wa juu wa mita zipatazo 2,600, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake ya msimu wa mvua. Ina spishi zipatazo 350 za mimea yenye mishipa, kati yake okidi 45 za ardhini. Mwombaji mwenye bidii ataandika: “Nitachunguza bayoanuwai ya okidi katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo.” Ni sentensi ya kweli, na kazi hiyo ina manufaa yake, lakini anayesoma maombi mia moja hataona ndani yake jambo ambalo hajui jibu lake na angependa kulijua.

Sasa iandike upya. Satyrium ni jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya okidi ambazo ua lake lina mirija miwili ya nekta, na urefu wa mirija hiyo huchangia kuamua ni mdudu au ndege gani atakayeifikia nekta na kubeba chavua. Je, pale spishi mbili zinapoota pamoja, urefu wa mirija yake hutofautiana zaidi kuliko pale kila moja inapoota peke yake? Kama ndivyo, tofauti hiyo inarithiwa, au inatokana na udongo na baridi ya mahali husika? Nyanda za majani za Kitulo, Poroto na Kipengere, na ng'ambo ya mpaka uwanda wa Nyika nchini Malawi, zimekaa kama visiwa vilivyotenganishwa na mabonde yenye joto, kwa hiyo maumbile yenyewe yameshatupangia mahali pa kulinganisha.

Tazama kilichobadilika. Swali la pili lina mchakato unaotajwa kwa jina, yaani ushindani wa kugombea wachavushaji. Lina ulinganisho, yaani mahali penye spishi zote mbili dhidi ya mahali penye moja. Lina pia maelezo mbadala ambayo mtafiti anakiri kwamba yanaweza kumshinda. Zaidi ya hayo, mtu wa Japani au Brazili asiyewahi kuisikia Makete, ilipo Kitulo, anaweza kulijali, kwa kuwa jibu lake litamhusu. Kuna hata tabaka jingine la kuongeza ukipenda: viazi vya okidi vimekuwa vikichimbwa na kuuzwa Zambia kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda, na mtu anaweza kuuliza uchimbaji unaoondoa spishi fulani zaidi ya nyingine unabadilishaje shinikizo kwa zilizobaki. Hapo mwenyeji anayezijua njia za wachimbaji na majina wanayoyatumia ana uwezo ambao haupatikani maabara.

Mfano wa pili upo Mufindi, na naupenda kwa sababu hauhitaji hifadhi ya taifa wala spishi adimu. Shamba la miti la Sao Hill ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na kulizunguka kuna vishamba visivyohesabika vya misindano na milingoti (mikaratusi) ya wananchi. Mlingoti asili yake ni Australia. Nyigu mdogo wa Leptocybe invasa, anayetengeneza uvimbe kwenye vikonyo na mishipa mikuu ya majani yake, naye katoka hukohuko na ameshaenea Afrika Mashariki. Kwa hiyo mti na adui yake wamekutana tena ugenini, lakini, angalau mwanzoni, bila maadui wa adui. Ni wadudu gani wa kienyeji watakaojifunza kumshambulia nyigu huyo, na wakishaanza, watabadilika kwa kasi gani? Swali hilo linaulizika pia Afrika Kusini na kwingineko kunakopandwa milingoti, na kwa sababu hiyo linauzika.

Jihadhari na kishawishi cha spishi maarufu. Kipunji, kima wa misitu ya Rungwe, Kitulo na Ndundulu aliyeelezwa kisayansi mwaka 2005 na mwaka uliofuata kupewa jenasi yake mwenyewe, ni fahari ya milima yetu. Hata hivyo umaarufu wa mnyama hauwezi kusimama badala ya swali. Ukimtaja, eleza ni jambo gani kuhusu jamii za viumbe analolifungua yeye na ambalo mnyama wa kawaida asingelifungua.

Kipimo changu, ambacho huwapa wanafunzi wangu, ni kufuta jina la mahali na jina la kiumbe kwenye aya ya swali na kuwapa watu wawili waisome. Kama swali bado linaeleweka na bado linavutia, rudisha majina na uendelee. Kama limebaki tupu, rudi mezani.

Njia mbili za kuingia

Njia ya kwanza ni nafasi iliyotangazwa, ambapo mkuu wa maabara ameshapata ruzuku na anatafuta mtu wa kutekeleza mradi uliokwisha kuandikwa. Hapa swali lako ni kielelezo cha namna unavyofikiri. Usijaribu kuugeuza mradi wake uwe wako, bali onyesha aya moja ya mahali ambapo uzoefu wako wa Udzungwa au wa Ziwa Nyasa unaweza kuutajirisha.

Njia ya pili ni ufadhili wa mtu binafsi, ambapo unaandika andiko lako mwenyewe na kutafuta maabara itakayokupokea. Mfano unaojulikana sana ni ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, ambao hupokea watu wa mataifa yote. Kwa masharti ya miaka ya karibuni, mwombaji awe na shahada ya uzamivu kufikia siku ya mwisho ya maombi, asiwe na zaidi ya miaka 8 ya utafiti tangu aipate, na asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi atakayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Mwisho wa maombi umekuwa mwezi Septemba. Soma mwongozo wa mwaka husika kabla ya kuanza, kisha mwandikie mwenyeji unayemtaka, yaani mtafiti atakayekupokea kwenye maabara yake, kufikia Aprili au Mei, kwa sababu anayeandikiwa Agosti hana muda wa kufikiri pamoja nawe, na andiko lisilo na mkono wa mwenyeji hujulikana mara moja.

Tafuta mwenyeji kwa kusoma makala, si kwa kutafuta majina ya vyuo. Kwa sikilidi wa Ziwa Nyasa, kazi nyingi zimefanywa na watafiti wa Cambridge, Bristol na Bangor nchini Uingereza. Kwa viumbe vamizi, Chuo Kikuu cha Stellenbosch nchini Afrika Kusini kina kituo maalumu tangu mwaka 2004. Kwa mamalia wa Udzungwa, jumba la makumbusho la MUSE la Trento nchini Italia limekuwa likishirikiana na hifadhi kwa muda mrefu kupitia kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia kilichopo Mang'ula. Nawashauri wengi waanze na Afrika Kusini, kwa kuwa mazingira na mimea inafanana zaidi na yetu na safari za kurudi uwandani ni nafuu.

Barua, wasifu na wadhamini

Barua pepe ya kwanza kwa mwenyeji iwe na aya tatu fupi: ni jambo gani katika makala yake lililokugusa na kwa nini, swali lako kwa sentensi mbili au tatu, na unachoomba, kwa mfano mazungumzo ya nusu saa. Anza kwa Profesa au Daktari na jina la ukoo, salamu iwe sentensi moja. Kwetu salamu ndefu ni adabu, na mimi nimelelewa hivyo, lakini msomaji wa barua hii huenda akaishia kwenye salamu bila kulifikia swali. Usiombe radhi kwa Kiingereza chako wala kwa chuo chako.

Wasifu uwe wazi, makala zilizochapishwa zitenganishwe na zile zilizo kwenye mapitio, na usiongeze semina za siku moja ili kujaza kurasa. Jisajili ORCID, namba ya utambulisho wa watafiti, ambayo haina gharama. Ukiwa na data unazoruhusiwa kuzitoa, ziweke kwenye hazina za mtandaoni za Dryad au Zenodo pamoja na msimbo wako wa R, lugha ya kuchambulia takwimu, kwa sababu msimbo unaosomeka ni ushahidi ambao hakuna barua ya sifa inayoweza kuufikia. Kuhusu jenomu, wengi wetu hatukupata nafasi ya kuzichambua wakati wa uzamivu. Sema hivyo waziwazi, kisha taja kile unachokimudu, iwe ni takwimu za mifumo mchanganyiko, utambuzi wa spishi uwandani au ujenzi wa miti ya nasaba kutoka data zilizokwisha kutolewa kwa umma.

Wadhamini, yaani watu watakaoandika barua za kukueleza, ni jambo linalopuuzwa mno. Usiweke jina la mtu kabla ya kumwomba. Mfuate ofisini wiki nne kabla, ukiwa na tangazo, andiko lako na karatasi moja inayomkumbusha mliyofanya pamoja, kwa sababu mdhamini asiyekumbushwa ataandika kwamba wewe ni mchapakazi na mwaminifu, maneno ambayo hayamsaidii mtu yeyote kuchagua. Angalau mmoja awe wa nje ya chuo chako. Siku tatu kabla ya mwisho, mpigie simu kwa heshima.

Usaili

Usaili hufanyika kwa njia ya mtandao, na jambo la kwanza ni saa. Saa 14:00 ya Ujerumani ni saa kumi jioni kwetu katika majira yao ya baridi, lakini ni saa tisa alasiri katika majira yao ya joto, kwa kuwa wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Fanya usaili mahali penye jenereta, uwe na kifurushi cha intaneti cha kampuni ya pili kwenye simu, na uwatumie mapema nakala ya slaidi ili umeme ukikatika muendelee kwa sauti.

Utaulizwa maswali ya kawaida kuhusu uzoefu, nayo hayahitaji maelezo marefu hapa. Lipo swali moja linalowakwamisha wengi: ni matokeo gani yatakayokuonyesha kwamba umekosea? Katika mfano wa Satyrium, jibu ni kwamba kama mirija ya maua inatofautiana kwa kiwango kilekile penye jirani na pasipo jirani, ushindani si sababu. Mwenye jibu kama hilo tayari ameliishi swali lake. Ukishaulizwa, nawe uulize: fedha za uwandani ni za miaka mingapi, nani atakuwa mwandishi wa kwanza, na waliotangulia kwenye nafasi hiyo wako wapi sasa.

Kabla ya kutia saini

Tambua kama unalipwa mshahara au posho ya ufadhili, kwa sababu mambo hayo mawili hayafanani. Afrika Kusini, kwa mfano, posdoki nyingi hutolewa kama posho isiyokatwa kodi, na mara nyingi haiambatani na michango ya pensheni. Kama mahafali yako bado, omba chuo barua rasmi inayothibitisha kwamba umetimiza masharti yote ya shahada. Kama umeajiriwa, pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kukubali tarehe ya kuanza, na tarehe hiyo iendane na muda halisi wa kupata viza.

Kama utafiti utafanyika nchini, vibali vianze kushughulikiwa wiki ileile unayopata barua ya uteuzi. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, hutoa kibali cha utafiti. Wanyamapori wanahusisha TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), hifadhi za taifa zinahusisha TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), na misitu ya hifadhi asilia kama Rungwe inahusisha TFS (wakala wa huduma za misitu). Kusafirisha sampuli nje kunahitaji mkataba wake, kulingana na misingi ya Itifaki ya Nagoya iliyoanza kutumika mwaka 2014 kuhusu kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki. Usikubali kuwa mtu wa kukusanya sampuli tu, hata kama ni wewe mwenye posdoki. Hakikisha makubaliano yanaeleza kwamba vielelezo rudufu vya mimea vitabaki kwenye hebaria ya taifa (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) Arusha, kwamba nakala ya data itakuwa kwenye chuo cha nyumbani, na kwamba mwanafunzi mmoja wa uzamili kutoka Mbeya, Iringa au Njombe atafunzwa ndani ya mradi. Weka pia kwenye bajeti, tangu andiko la kwanza, nauli na siku chache za kurudi Masoko, Makete au Mufindi kuwaeleza wenye maeneo kilichopatikana, maana ruzuku ikishapitishwa si rahisi kuongeza fungu ambalo halikuandikwa.